Alichosema Mama Mihayo

Justa alimchukia Selestine hata kabla hajajua sababu. Ilikuwa namna alivyomshika mkono: aliung'ang'ania kwa viganja viwili vilivyolowa mafuta ya mbuzi choma, akamtazama kifuani huku akimuuliza habari za Shinyanga. Nyuma yake lilining'inia bango lenye picha yake na maandishi makubwa: MWANAUME WA MFANO, MTETEZI WA WANAWAKE.

Siku hiyo shirika alilofanyia kazi Justa lilikuwa likikabidhi karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kwa kikundi cha wanawake kumi na wawili wa Rwamgasa. Miaka yote walikuwa wakiponda mawe kwa nyundo, jua likiwachoma na vumbi likiwajaa kifuani, maana kushuka kwenye duara, shimo la dhahabu, hawaruhusiwi. Wachimbaji wanaamini mwanamke akichungulia tu shimo, dhahabu inakimbia. Mawe ya kuponda waliyapata kwa Selestine, msimamizi wa stoo ya mawe mgodini. Na ufunguo wa chumba cha karasha nao angekaa nao yeye, "kwa usalama," kama alivyosema Donatus, mkurugenzi wa shirika.

Wafadhili wawili wa kizungu, mwanamume na mwanamke, walikuja kujionea. Justa, mzaliwa wa Bugarama aliyekinyonya Kisukuma ziwani mwa mama yake, alipewa kazi ya kuwatafsiria.

Baada ya hotuba, yule mzungu wa kike akaomba kumsikia mwanamke mmoja wa kikundi. Akainuliwa Esta, mama wa makamo anayeitwa na wote Mama Mihayo. Alikuwa amekaririshwa maneno ya Kiswahili tangu juzi. Akasimama, akafunga kitenge vizuri, akasema kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, wageni wetu. Mwanangu Mihayo alifukiwa na kifusi mwaka jana, yeye na wenzake wawili. Ameacha mke, Asteria, yule pale. Siku tuliyoanua matanga, huyu mnayemwita wa mfano alituma mtu amwite mkwe wangu stoo. Hapa mwanamke hapati jiwe kabla Selestine hajamfungia mlango ndani, wawili peke yao. Hata mimi amenifungia, na nina wajukuu. Mkimpa na mashine, mmempa mlango wa pili."

Wanawake walikuwa wametazama chini. Asteria alikuwa akikwangua kucha yake kwa kucha nyingine. Selestine, anayekijua Kisukuma kama wao, alikuwa akichokonoa meno kwa njiti. Hakuacha.

Donatus naye Msukuma. Alisikia kila neno. Akamwinamia Justa sikioni, akinuka marashi na vitunguu. "Sema wanashukuru. Sema mashine itawainua." Alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza soda.

Mkataba wa Justa ulikuwa unakwisha mwezi ule. Aliwaza chumba chake cha kupanga Kambarage, Shinyanga, akawaza wadogo zake. Akawageukia wageni, akawaambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu amempoteza mwanawe, ila leo wanashukuru sana.

Makofi yakapigwa. Mzungu wa kike akafuta machozi. Selestine akainama kidogo, kama bwana harusi anayepokea pongezi.

Mama Mihayo alikuwa bado amesimama. Alitazama yale makofi, akayatazama yale machozi, kisha akamtazama Justa.

"Mwanangu, umewaambia nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Mate yalimjaa Justa mdomoni kama mtu aliyeuma nyama iliyooza. Donatus alimkera, Selestine alimtia kinyaa, lakini aliyeoza pale mbele za watu alikuwa yeye mwenyewe.

"Nimesema uongo, mayu. Nisamehe, mama yangu."

Akasimama. Akawaeleza wageni kwamba alichotafsiri mwanzo si kilichosemwa. Akarudia yote: kifusi, matanga, stoo, mlango. Hakuruka neno.

Kisha Donatus akacheka kicheko laini, akawaambia wageni kwamba hayo ni magomvi ya kifamilia, vijijini hayakosekani. Yule mwanamume mzungu akakohoa, akauliza kama suala hilo lingeweza kuzungumzwa faragha, baada ya chakula.

Wakaenda kula. Justa hakuamini macho yake. Selestine mwenyewe alishika kisu, akakata mbavu, akamwekea mzungu wa kike sahanini. Mama wa watu akapokea, akasema asante kwa Kiswahili. Justa alizunguka nyuma ya turubai akatapika.

Alipojifuta na kuinua kichwa, aliwaona wanawake. Karasha ilikuwa bado kwenye mkokoteni, haijaingizwa stoo. Mama Mihayo alikuwa ameshika mpini wa mbele, Asteria na wengine wanasukuma kwa nyuma, magurudumu yanazama mchangani.

Selestine akainuka na mfupa mkononi. "Mnaipeleka wapi hiyo?"

"Nyumbani kwangu," Mama Mihayo akamjibu. "Si mmesema ni yetu?"

Selestine akapiga hatua kuwafuata, lakini mmoja wa wazungu alikwishatoa kamera, anawapiga picha. Donatus akamvuta shati. Wanawake wakapita na mashine yao, Justa akakimbia kusaidia kusukuma.

Mkataba wake haukuongezwa. Ripoti ilipotoka, picha ile ya mkokoteni ilikuwa ukurasa wa kwanza: wanawake wa Rwamgasa wakipokea mashine yao kwa furaha. Ukurasa wa pili alikuwa Selestine. Justa aliwaandikia wafadhili barua ndefu. Wakajibu kwamba malalamiko yake yamepelekwa kwa mhusika, na mhusika alikuwa Donatus.

Hakuandika tena. Alipanda basi kwenda Geita, akawakuta Mama Mihayo na Asteria stendi, wakaenda pamoja polisi, kwenye dawati la jinsia. Kati ya wale kumi na wawili walitoa maelezo saba. Watano walikataa kwa sababu waume zao hawajui, na wakijua watafukuzwa wao, si Selestine. Hakuna aliyewalaumu.

Selestine alishtakiwa, akapata dhamana. Wenye maduara walimwondoa stoo, nao hawakuficha kwamba waliogopa kunyang'anywa leseni. Suala la wanawake hawakuligusa. Siku hizi mawe yanagawiwa nje, mchana kweupe, na karasha inanguruma uani kwa Mama Mihayo. Kesi imeahirishwa mara nne. Kila inapotajwa Justa husafiri kutoka Shinyanga, hukaa benchi moja na Asteria, na Selestine hupita mbele yao amevaa suti, akiwasalimia mahakimu na makarani kwa majina. Wao hawaitikii wala hawainuki. Husubiri kuitwa.