Samaki wa Mzee Yihya

Spéciose alikuwa mwanamke asiyeweza kuvumilia mgeni akae kwake mdomo mkavu. Kwao Bukavu, hata askari aliyekuja kukamata mtu alikaribishwa ugali kwanza, akamate akishashiba. Kwa hiyo Mzee Yihya alipomwambia, "Mimi nitakuja, nipe kiti tu, chakula usijisumbue," alilichukua neno hilo kama tusi.

Mzee Yihya alikuwa Myahudi mzaliwa wa Yemen, umri umepita themanini, anaishi peke yake Bondi, mtaa wa ufukweni. Spéciose ndiye aliyemtunza: kumwogesha, kumpa dawa, kugombana naye kwa ajili ya soksi. Jina la Spéciose lilimshinda Mzee, akawa anamwita Spesho. Aliposikia kwamba Vanessa, binti wa Spesho, amemaliza masomo ya unesi na kutakuwa na sherehe Jumapili nyumbani kwake kule Merrylands, upande wa pili wa jiji, aliuliza mbona yeye hajaalikwa.

"Mzee, chakula chetu hutakila."

"Inategemea mnyama," akasema Mzee.

Basi Spéciose akarudi nyumbani na kazi ya kutafuta mnyama. Mdogo wake Blaise, ambaye hakuna jambo asilolitolea ushauri, akakaa naye kwenye sofa, simu ikawekwa katikati, wakampigia Mzee.

"Mzee, mbuzi?"

"Mbuzi anacheua, na kwato zake zimepasuka. Halali, yaani kosher kwetu sisi Wayahudi. Atamchinja nani?"

"Ndugu yangu Blaise."

"Blaise ni mchinjaji wa Kiyahudi?"

"Blaise ni Mpentekoste."

"Basi mbuzi aendelee kuishi."

Blaise akavuta simu. "Mzee, kangaruu je? Huku wamejaa."

"Kwato ziko wapi?"

Blaise akafikiri, akakiri kwamba kwato hakuna.

"Sungura?"

"Hana kwato."

"Ngamia?"

"Anacheua, lakini kwato zake haziko sawa. Nimekulia kati ya ngamia, usinifundishe ngamia."

Blaise alianza kuchoka, akataja mnyama wa kwanza aliyemjia kichwani. "Twiga?"

Sauti ya Mzee ikachangamka. "Twiga! Anacheua, na kwato zake zimepasuka mbili. Halali kabisa. Na kwa shingo ile, mchinjaji hawezi kukosa pa kukata."

Spéciose alimnyang'anya Blaise simu, maana tayari alikuwa anatafuta bustani ya wanyama hufungwa saa ngapi.

"Mzee, na nikinunua nyama kwenye bucha lenu hukohuko Bondi?"

"Sawa. Utaipikia sufuria gani? Hizo zako zimeshapika nini?"

Spéciose akazitazama sufuria zake zilizopangwa juu ya kabati. Akakumbuka Krismasi. Akakumbuka Pasaka. Akakumbuka ule mguu wa nguruwe wa ubatizo wa mtoto wa Blaise. Akaguna.

"Nilijua," akasema Mzee. "Sikiliza, Spesho. Samaki hahitaji mchinjaji. Mtafute mwenye mapezi na magamba, mfunge kwenye foili mpya, mpike humo. Lakini magamba niyaone mwenyewe kwa macho yangu kabla hujampika. Asije mtu akaniletea kambale aliyebatizwa jina jingine."

Jumapili asubuhi Spéciose alirudi kutoka sokoni na samaki mkubwa, mnene, magamba yamejipanga mwili mzima kama vigae. Muuza samaki alitaka kumpara magamba, kama anavyowapara wote, na Spéciose alimshika mkono akapiga kelele mpaka watu wakageuka. Alinunua pia kisu kipya, beseni jipya na foili mpya. Samaki akalazwa ndani ya beseni, akafunikwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Jirani yake Dévote alikuwa ameshafika kusaidia. Dévote, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, alifanya kazi ya usafi, na usafi ulikuwa umemwingia damuni. Ukimwachia kikombe cha chai dakika moja, unakikuta kimeoshwa na chai yako ndani yake. Spéciose alikuwa anakimbilia kuoga. Akapita jikoni mbio, akaonyesha beseni, akasema, "Dada Dévote, huyo samaki wa Mzee ni kosher. Kosher, umesikia? Nakuachia wewe."

"Nimesikia, Mama Vanessa," akasema Dévote, akakunja mikono ya gauni. "Kosha."

Akamkosha. Alimpara kwa kile kisu kipya, akamsugua kwa limau, akambadilishia maji mara tatu. Spéciose alipotoka bafuni amejifunga kitenge kipya, alimkuta samaki uchi wa mnyama, mweupe, anang'aa.

"Magamba yako wapi?"

"Magamba?" Dévote alitabasamu kwa fahari. "Hakuna hata moja. Tafuta."

Spéciose alishika kichwa, akakaa juu ya gunia la mchele. Akaeleza kwamba Mzee alitaka kuyaona kwanza kwa macho yake. Dévote akashika mdomo. "Lakini ulisema kosha! Mara mbili!"

Na wakati huohuo gari la Blaise lilikuwa linaingia, na Mzee Yihya kiti cha mbele, amevaa kofia, amepakata mfuko wenye sahani yake na uma wake.

Magamba yalikuwa nje, kwenye pipa la taka lenye kifuniko chekundu, chini kabisa, kwa sababu Dévote hatupi taka ovyo, huzisukuma. Dévote alikimbia na gauni lake la kanisani, akainama ndani ya pipa, akainama zaidi, mpaka ikabaki miguu tu.

Hiyo miguu ndiyo ya kwanza kumkaribisha Mzee Yihya Merrylands. Alisimama na mkongojo wake, akaitazama.

"Spesho," akauliza, "huyu naye ni wa sherehe?"

"Mum, what is happening?" Vanessa akaita kutoka barazani, akitaka kujua kuna nini.

Dévote akaibuka anahema. Kwenye kiganja alikuwa na ganda la yai. Lakini kwenye nywele, kwenye paji la uso na kwenye nyusi, magamba yaliwaka kama mapambo ya bibi harusi. Mzee alimsogelea, akaomba radhi, akabandua moja kwenye shavu lake. Akatoa miwani ya kusomea. Akaagiza samaki aletwe. Palepale, juu ya boneti la gari, akaipapasa ngozi ile kwa kidole, akatazama vile vishimo vilivyobaki, akaliweka gamba juu ya kishimo kimoja. Watu wote wakashusha pumzi kwa pamoja lilipokaa.

"Kosher," akatangaza.

"Tena?" Dévote akalia. "Mzee, nimeshamkosha mara tatu!"

Samaki akafungwa foili, akaokwa juu ya makaa. Mzee alimla kwenye sahani yake, akiwa ameketi kati ya Blaise na mchungaji wa kanisani kwao. Ugomvi ulizuka mmoja tu. Kwa Spéciose kichwa cha samaki ni cha mgeni, na Blaise, ambaye siku zote alijihesabu mgeni kwa dada yake, alinyoosha mkono. Mzee akampiga kwa uma.

"Yaya, dada yangu, umeona? Ananipiga kwako!"

"Na akuongeze," akasema Spéciose.

Mzee alinyonya kichwa kile mpaka macho, akafuta ndevu, akaomba muziki upandishwe sauti. Alicheza akiwa ameketi, kwa mabega tu, na Dévote akacheza mbele yake, kila akitikisika magamba yakidondoka kwenye nyasi. Spéciose alisimama mlangoni na kijiko mkononi, akiutazama mfupa uliobaki kwenye ile sahani. Ulikuwa mkavu, hata paka asingesimama kuunusa. Roho yake ikatulia, akaenda kujipakulia na yeye.