Utepe Puani mwa Gari la Magodoro

Naanza kwa jina la Mola aliyelipa jua la jangwa ukali wake na maji thamani yake, Ajuaye kilichomo kifuani kabla ulimi haujakisogeza. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake.

Watu wa kisa hiki ni watatu, nami nawataja kwa daraja walizojipangia wenyewe. Wa juu ni Royce Tatum, mwenye gari la mbio na mwenye maduka ya magodoro Arizona nzima, ambaye hajapata kufungua nati kwa mkono wake. Wa pili ni dereva wake, Wendell Crutchfield, mtu wa miaka arobaini na sita. Ameshinda mara mbili katika miaka kumi na tisa, na huzisimulia mbili hizo kana kwamba ni mia. Wa chini, ijapokuwa kazi yote ilikuwa yake, ni fundi mkuu Harlan Beasley.

Asubuhi ya mbio za mwisho wa msimu, Tatum alimsimamisha dereva mbele ya wageni wake.

"Wendell, kaka, mambo mepesi. Maliza ndani ya kumi bora, kiti chako cha mwakani kipo. Ukishindwa, namkalisha Preston, mtoto wa dada yangu."

"Kumi? Nakuletea kombe."

"Kombe sijakuomba. Nimekuomba kumi."

Kisha mchungaji akaomba dua kwenye vipaza sauti, wote wakavua kofia, wakazivaa, na magari thelathini na sita yakaanza kulizunguka duara la maili moja mara mia mbili, ili yafike pale yalipoanzia. Tawafu isiyo na ibada, na watu elfu arobaini wameketi juani kuishangilia.

Harlan alikuwa ameziba nusu ya matundu ya pua ya gari kwa utepe wa gundi. Ndivyo wafanyavyo wote: pua ikizibwa, gari hukata upepo na kushika njia, lakini rejeta hukosa pumzi, basi jua likipanda, utepe hubanduliwa kipande kwa kipande. Sheria za mbio zile hazimruhusu fundi chombo chochote cha kumwonyesha joto la injini kutoka mbali. Hulijua kwa kinywa cha dereva tu, redioni, na kazi nzima husimama juu ya kinywa hicho.

Mzunguko wa mia moja na arobaini ikapepea bendera ya njano ya kupunguza mwendo, magari yakaingia kwa mafundi. Wendell alikuwa wa tatu.

"Maji ya injini yamefika nyuzi ngapi?" akauliza Harlan.

"Mia mbili na ishirini."

"Una hakika? Majirani wote wanabandua."

"Majirani wote wako nyuma yangu. We weka tairi, pua yangu niachie."

"Kipande kimoja tu, Wendell. Sekunde nne."

"Nishasema mia mbili ishirini. Au na macho yangu utayabadilisha?"

Mafundi wakacheka. Harlan akamwamini. Mshale wa saa ya joto mbele ya dereva ulikuwa mia mbili hamsini na tano, kwa nyuzi za Farenhaiti.

Mzunguko wa mia na sitini na mbili Wendell akashika uongozi. Tatum akapanda juu ya sanduku la zana, akawapungia wageni kofia yake nyeupe. Harlan akauliza tena maji, akajibiwa, "Yale yale." Mzunguko wa mia na tisini na moja injini ikapasuka kwa mvuke na mafuta, gari likateleza hadi ukutani. Akahesabiwa wa thelathini na moja.

Gerejini, Tatum alimwendea fundi. "Injini zako hizi, Harlan. Umeniaibisha."

Wendell aliketi juu ya tairi akinywa maji. Alimwacha mwenzake waliyefanya kazi pamoja miaka tisa abebe lawama, naye akatazama viatu vyake.

Harlan akaingiza mkono dirishani, akaelekeza kidole kwenye saa ya joto. Saa zile zina mshale wa pili, ambao hubaki palepale joto lilipofikia kilele. Ulikuwa mia mbili na themanini.

"Injini imesema kweli, bosi. Asiyesema ni huyu."

Tatum akainama, akasoma. "Ungewaacha wakabandua, ungemaliza wa ngapi?"

"Wa nane," akasema Wendell. "Labda wa tisa."

"Sasa?"

"Nilitaka wanione mbele."

"Wamekuona. Harlan, king'oe hicho kiti kesho. Preston mnene, na kiti hiki kinambana hata huyu kama kopo."

Jioni Tatum aliwaambia wageni kuwa gari lake limeongoza mizunguko ishirini na tisa, wakampongeza. Wendell alibeba kofia yake ya chuma mpaka kwenye gari la mkewe, na hakuna aliyemsindikiza.

Ewe Mola, wabariki waliobaki: Harlan na mafundi wake waliolisukuma gari lile kwa mabega, na huyo Preston atakayeketi. Wape vinywa visemavyo walichokiona kwa macho, na uwakinge na kiu ya kutazamwa. Amin.