Mkwaruzo kwenye Mlango Mweupe

Jumanne moja ya mwaka 1976, mvua ya asubuhi ikiwa imekatika tu, fundi Dramadri alikuwa amechuchumaa mbele ya gereji yake upande wa Onduparaka, mjini Arua, Uganda, analowesha msasa kwenye ndoo, pale gari la saluni, jeupe, lilipoingia na kusimama karibu liguse kisogo chake. Alilijua kabla hajageuka. Alikuwa ameizoea injini yake ikipita kwenda soko la Inde, ikiendeshwa na Nestor, Mkongo aliyeuza mabati na vitambaa, mtu aliyekaa naye benchi moja kanisani. Nestor alichukuliwa na askari kabla ya Pasaka. Aliyeshuka sasa ni Meja Yangi wa Koboko.

Meja alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alimwonyesha mkwaruzo chini ya kitasa cha mlango wa dereva, mwembamba, wa urefu wa kidole, akauliza kama kitu kidogo namna hiyo kinaweza kuleta kutu ya kuharibu gari, au ni suala la sura tu.

Dramadri alipitisha ukucha juu yake. Mikwaruzo mingi huishia kwenye rangi ya juu, na hiyo haina neno, gari huzeeka nayo. Huu ulikuwa umefika kwenye chuma. Alimweleza Meja hivyo hivyo: maji yakipata njia, kutu hutambaa chini ya rangi, na mwenye gari huiona siku rangi inapovimba.

"Nani alikwaruza?" Meja aliuliza.

Dramadri alijua. Mtaa mzima ulijua. Siku gari lilipotolewa uani kwa Nestor, mkewe Régine aliushika mlango na kukimbia nao hadi barabarani, na pete yake ya ndoa ikachora mstari ule kabla hajaanguka.

"Iko tawi tu, afande. Miti ya barabara."

Alisugua, akaweka praima, ile rangi ya chini, akapuliza nyeupe. Wiki haikuisha, gari likarudi. Mstari ulikuwa umetoka tena palepale, mwekundu, na umepata matawi mpaka kwenye bawaba. Alikata kipande kile chote akachomelea bati jipya. Bati jipya lilibaki jipya, na kutu ikaruka upande wa pili ikaendelea.

Jioni hiyo alimfuata Régine sokoni, akamshauri avuke kwenda kwao Congo kwa muda. Régine alikuwa anapima maharage, naye hakuacha kupima. Alisema Nestor akirudi atamtafuta nyumbani, si kwingine. "Mutu anarudia kwake," alisema, akachota kopo lingine.

Mara ya tatu Meja hakuleta gari litengenezwe. Alimwambia Dramadri apande, kutu imeingia nyumbani.

Dramadri alipakia mashine yake ya kupulizia akakaa nyuma, katikati ya askari wawili. Watu wa Lobule, njiani kwenda Koboko, waliokuwa wakisukuma baiskeli walishuka kando na kutazama miguu yao mpaka gari lipite. Kila palipotokea kijia cha kuingia porini, Dramadri alikitazama mpaka gari lilipokipita. Hatimaye lilisimama mbele ya nyumba kubwa ya Meja, na kuku wakalikimbia kama wanavyokimbia gari lolote.

Viktoria, mke wa Meja, aliwapokea kwa heshima. Alitandika kitambaa juu ya kiti ili suruali ya mgeni isichafuke, kisha akamtembeza. Kitanda cha chuma kilikuwa na kutu. Redio ilikuwa na kutu hadi kwenye vitufe vyake vya kutafutia stesheni, ingawa iliimba vizuri. Cherehani pia. Sufuria moja ilikuwa nyekundu kama tofali, na ya pembeni yake, waliyoinunua wenyewe Koboko, iling'aa. Paa lilikuwa hivyo hivyo: bati moja jekundu, jirani yake jeupe. Viktoria alieleza kwamba watoto sasa wanajua kipi cha kugusa wakiwa na sare za shule na kipi kitazichafua. Hakulalamika. Alisema tu kwamba wageni wanapoingia wanatazama, na wakishatazama wanaacha kuongea.

Dramadri aliona kilichowanyamazisha. Kila chenye kutu alikuwa amewahi kukiona nyumbani au dukani kwa Nestor. Nyumba ilikuwa imejigawa yenyewe, na mtu asiyejua kusoma angeweza kuisoma kutoka mlangoni. Saa mkononi mwa Meja ilikuwa nyekundu nayo, na ilikuwa inakwenda.

Meja aliwatoa askari nje. "Nikipata yule alikwaruza," alisema kwa ile sauti ndogo, "kutu itasimama?"

Dramadri aliona pete akilini, akaona Régine ameinama juu ya maharage.

"Hapana, afande. Hata ukimleta hapa, itaendelea."

"Nini itaisimamisha?"

Jibu lilikuwepo, fupi, na ndani ya nyumba ile hakuna asiyelijua, hata Viktoria aliyekuwa anakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. Dramadri alitazama mikono ya Meja, imetulia mezani.

"Rangi ya kahawia," alisema. "Tunapaka vitu yote. Ile ya kutu na ile mizima. Kutu itakuwa ndani, lakini mutu hawezi kujua ni gani."

Aliyejibu ni Viktoria, akasema kahawia itaendana na mapazia.

Dramadri alipaka kitanda, redio, cherehani, sufuria na paa lote. Mwisho akapaka gari. Kazi ilikuwa safi. Meja alimshika mkono, akaamuru arudishwe Arua akiwa amekaa mbele.

Régine alikuwa anamsubiri gerejini.

"Uliona kitanda yetu?"

"Nimeiona."

"Iko namna gani?"

"Nimeipaka rangi. Nimepaka vyote."

Régine alivitazama vidole vyake, kahawia mpaka kwenye viungo. "Wale walificha Nestor mara ya kwanza, na wewe umemuficha mara ya pili," alisema.

Dramadri angeweza kumweleza swali aliloulizwa kuhusu aliyekwaruza na jinsi alivyolijibu. Aliona kwamba akimweleza, mama huyu hatalala tena hata usiku mmoja ndani ya nyumba ile anayomngojea mumewe. Akachukua kitambaa chenye petroli akaanza kufuta vidole. Régine alifunga upya kanga yake akaondoka. Kanisani waliendelea kukaa benchi lile lile, na kati yao walibakiza nafasi ya mtu mmoja, ambayo wakati mwingine ilikuwa ya moto ukiigusa, kama mtu aliyekaa hapo ndiyo kwanza ameinuka.

Wakubwa wengine wa jeshi walianza kuja. Mmoja alileta gari la jeep, mwingine kabati, mwingine milango ya duka zima. Vyote vilikuwa na mkwaruzo mdogo mahali fulani, na wakubwa wote walitaka kahawia ya Meja Yangi. Mwaka uliofuata kahawia ilikuwa fasheni mpaka Koboko, na hata watu wasio na kosa waliipaka ili wasionekane tofauti. Ukipita mchana kwenye utulivu, ungesikia kutu ikitafuna kwa ndani, taratibu, kama mchwa. Watu waliinua sauti kidogo, wakaendelea na mazungumzo.

Serikali ilipoanguka mwaka 1979, askari walipita Arua wakikimbilia kaskazini. Dramadri alisimama kando ya barabara pamoja na watu wengine, na Régine akaja kusimama karibu naye kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Gari la Meja lilikuwa la mwisho. Chuma kilikuwa kimekwisha chote. Iliyobaki ni rangi tu, imesimama peke yake katika umbo la gari, nyepesi kiasi kwamba jua lilipenya na kuonyesha kivuli cha kitanda kilichofungwa juu na cha Viktoria aliyepakata redio. Kwenye mashimo ya barabara rangi ilitikisika kama nguo kwenye kamba, kisha ikajinyoosha. Meja alikuwa ameshika usukani, anasalimia huku na huku.

"Bado inatembea," Régine alisema.

"Nilichanganya vizuri," Dramadri alisema.

Gari lilifika njia panda, likakata kuelekea Koboko bila sauti yoyote, na hakuna aliyelisimamisha.