Dungu Lililohamia Kijijini

Usiku wa jana niliota, tena nikiwa nimelala humo humo juu yake, kwamba dungu letu limeondoka.

Kwa asiyelijua dungu, ni kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo nne. Sakafu yake iko juu ya kichwa cha mtu, na kupanda ni kwa ngazi. Sisi watu wa bondeni tunahamia humo miezi mitano kila mwaka, baba, mama na mimi, na sufuria zetu na kuku watatu, tunalinda mpunga usiliwe na ndege. Nyumba ya kijijini tunaifunga kwa kufuli. Mpunga ule ndio chakula chetu cha mwaka mzima, na sasa umebakiza wiki mbili tu tuvune.

Kwenye ndoto ni asubuhi kweupe. Natoka mtoni na ndoo ya maji kichwani, nafika, naona mashimo manne, na baba amekaa katikati yake juu ya kinu, anakunywa uji. Nikamwuliza dungu liko wapi. Akasema limeondoka na halikuaga. Amelishuhudia likivuka mfereji huku limepandisha ngazi yake juu, kama mwanamke anavyokunja khanga isiloane. Mama yeye alichosikitikia ni upawa wake, maana aliuchomeka kwenye nyasi za paa.

Baba ana sheria zake za kukaa shamba. Ya kwanza, zamu haiachwi mpaka apatikane wa kuipokea. Ya pili, moto hauachwi peke yake. Sheria hizo nimezisikia tangu sijaota meno ya mbele, ila sikujua kama zamu ni kitu cha kushikika. Ilikuwa pale kwenye tope dungu lilipoiacha, ukubwa wake kama boga, ina joto na ina mpini. Baba akaiokota, akaifuta, akanikabidhi. Mabega yangu yakashuka.

Moto nao ukainuka mafigani, ukajikung'uta majivu, ukashika pindo la khanga yangu. Nikauambia ubaki na baba. Ukasema baba husinzia, na kukaa na mtu anayesinzia ni sawa na kukaa peke yako.

Ndipo wakafika kweleakwelea. Hawakuja wingu zima kama siku zote, walikuja kwa mstari. Mkubwa wao akasimama mbele yangu.

"Shamba hili lina dungu?"

"Linalo."

"Mbona silioni?"

"Limetoka mara moja."

Akawatazama wenzake. Akasema kwa upole kabisa kwamba kwa taratibu zao shamba lisilo na dungu ni la wote, lakini wao si watu wa haraka, watangoja mpaka adhuhuri. Wakakaa kwenye tuta wote, wakaanza kunawa miguu, kwa kuwa mikono hawana.

Mama akasema mimi na baba twende tukalitafute, yeye atabaki na wageni awapigishe soga. Tulipoondoka alikuwa amekwisha kuwaanzia habari za harusi ya shangazi, na wale wa mbele walikuwa wameinamisha vichwa wanasikiliza.

Tukafuata nyayo, mashimo manne, mashimo manne. Toka bondeni mpaka kijijini ni mwendo wa nusu siku. Nikapiga hatua ya kwanza kwenye tope, ya pili nikaikanyaga uani kwetu. Baba hakushangaa. Alilalamika tu kwamba kumbe njia ni fupi hivi na miaka yote hakuna aliyemwambia.

Kufuli lilikuwa palepale mlangoni, limefungwa. Tukaingia.

Dungu lilikuwa limelala kitandani kwa baba na mama, nguzo mbili juu ya godoro na mbili ukutani, limejifunika shuka mpaka usawa wa sakafu. Upawa wa mama uko juu ya mto. Sasa mimi kwa umri ni mkubwa kuliko dungu, lilijengwa nikiwa darasa la tano. Lakini ukimkuta mtu kwenye kitanda cha wazazi wako unapata shaka, nikaliamkia shikamoo. Likaitika marahaba bila kusita.

Likatueleza kwamba limekuja kupiga kambi. Sisi tumepiga kambi kwake miaka minane, nalo halijawahi kupiga kambi kwa mtu hata siku moja. Maisha ya ndani ni magumu, likasema. Godoro halina tope, mtu unateleza. Upepo hakuna. Ila kuna jambo moja limelipenda.

Kabla halijasema ni jambo gani, jirani yetu Bi Sijali akapiga hodi uani. Dungu likaruka kitandani.

"Karibu," likaitikia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, mpaka paa likapukutisha nyasi. Bi Sijali akaingia, akakaa mkekani, wakaulizana hali, wakasema mvua, wakasema nguruwe, akaaga. Dungu likatuambia huyo ni wa kumi na moja tangu asubuhi, na wote wamepiga hodi.

Baba akaona muda unapotea. Akaliamuru lirudi shambani.

"Wewe umeingiaje humu?" dungu likamwuliza.

"Nimeingia."

"Umepiga hodi?"

"Mtu hapigi hodi kwa kitu alichokijenga kwa mikono yake."

Dungu likageukia ukutani. Likasema na ukuta, lakini ilikuwa wazi linatuambia sisi, kwamba miaka minane watu wanalipanda na matope, na maji yanachuruzika, na kambale mabegani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba. Hata kuku wanapanda tu. Baba akasema hodi hupigwa mlangoni, na dungu halina mlango. Dungu likasema lina ngazi. Baba akasema ngazi aliikata yeye. Basi ikawa hivyo, mmoja neno, mwingine neno, kama watu waliooleana wakagombania kuku.

Na mimi zamu inazidi uzito. Kivuli cha paa la nyumba kimefika ukutani, adhuhuri imekaribia, moto unanivuta khanga unaniambia ndege wamemaliza kunawa.

Nikatoka nje taratibu. Nikaurudishia mlango. Nikasimama uani na zamu yangu mikononi kama mgeni aliyekuja na kitoweo.

"Hodi."

Kimya. Nilivyofundishwa nyumbani, hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa jibu unarudi ulikotoka, hata kama unawasikia watu wanapumua ndani. Kwa hiyo sikuharakisha. Nikamwacha jogoo wa Bi Sijali avuke uwanja wote mpaka upande wa pili.

"Hodi."

"Nani?"

"Sikudhani."

"Sikudhani yupi?"

"Yule anayelala kwako, upande wa ngazi."

"Una shida gani?"

"Naomba kupanda."

Kisha nikasikia mbao zinajinyoosha.

"Karibu, mwanangu. Panda."

Nikafungua mlango, ngazi ilikuwa imeshushwa hapo sebuleni. Nikapanda, na kichwa changu kilipopita sakafu nikauona mpunga pande zote, wa njano, haujaguswa hata suke. Kweleakwelea wakasimama, wakamshukuru mama kwa mazungumzo, wakasema watapita kesho kama kawaida. Mama akapokea upawa wake. Nikaitundika zamu kwenye nguzo.

Ndipo dungu likaninong'oneza kupitia ufa wa sakafu. Likasema mimi nimemaliza yangu, bado baba yangu. Nikaliambia ukweli, baba siwezi kumwahidia. Likasema halina ugomvi, litamngoja mpaka kesho asubuhi. Asipoomba, linaondoka tena, na safari hiyo linakwenda mjini.

Nikaamka.

Kumepambazuka. Mama alikuwa chini anapuliza moto. Mpunga uko palepale. Baba alikuwa anarudi kutoka kukagua kamba za makopo ya kutishia ndege, nikamsikia anakuja akiburuza miguu kwenye tope. Kila siku akifika hupanda moja kwa moja, ngazi nzima inalia na sisi tulio juu tunatikisika.

Leo akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza, akasimama.

Nikachungulia kwenye ufa. Akamtazama mama, mama alikuwa amempa mgongo. Akawatazama kuku. Akakohoa kidogo. Halafu akasema chini chini, kama anasema na kola ya shati lake:

"Hodi."

Sikuitika, maana si mimi niliyeombwa. Nilijilaza tu nikasikiliza. Mbao zikajinyoosha chini ya ubavu wangu, na baba akapanda.