Nne Iliyosikika Nane

Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Cheche, hakuwa mtu wa kutaka makuu. Jioni alitaka mkewe aketi naye sebuleni wasikilize muziki, basi. Lakini spika zao zilikuwa zimechanika, zinakwaruza, na yeye kila alipotaka kusikia vizuri aliongeza sauti. Mkewe alikuwa mkunga, mtu wa kushinda kutwa kwenye vilio vya watoto na vya mama zao. Siku moja alibeba kiti chake akahamia jikoni. Hawakugombana. Alisema tu kwamba masikio yake yamechoka, na kwamba mumewe angefanya vyema kwenda kupimwa ya kwake.

"Masikio yangu mazima," alijibu Bwana Cheche. "Spika ndizo zinazoumwa."

Akaazimia kununua mpya. Risiva, ile mashine inayoziendesha spika, hakuwa tayari kuiacha. Ilikuwa ya zamani, nzito, lakini aliitunza kama mboni ya jicho. Nyuma yake paliandikwa kwamba isifungiwe spika za chini ya omu nane. Akampigia simu mama mmoja muuza spika huku mashine za karakana zikinguruma. Mama yule akamweleza kwamba omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Zikiwa chache mno, risiva hujikamua hadi ikaungua. Kisha akamwambia spika alizonazo ni za nne. Bwana Cheche akasikia nane, akashukuru, na jioni akazipitia dukani.

Nyumbani alifunga nyaya taratibu, akafumba macho akamwomba Mungu aibariki kazi ya mikono yake, akawasha. Muziki ukatoka safi. Mkunga akachungulia mlangoni, akasikiliza kidogo, akaingia na kiti chake. Furaha ikampanda fundi, akaongeza sauti, akaongeza tena. Mara risiva ikajizima yenyewe. Alipoigusa mgongoni ilikuwa moto kama pasi. Mkunga akampa pole, akarudi jikoni na kiti.

Kesho yake Bwana Cheche alifika dukani amefura, spika kwapani, akidai ameuziwa sizo. Muuza spika akazigeuza, akamwonyesha kibandiko cha nyuma.

"Nilikwambia nne, mzee wangu."

"Ulisema nane."

Mama yule hakubishana. Alimwomba ageukie mlango, akasimama upande wake wa kulia akataja namba kwa sauti ya kawaida. Fundi akazipata zote. Kisha akahamia kushoto. Bwana Cheche alingoja, akangoja tena.

"Anza basi, dada, nina kazi."

"Nimeshamaliza."

Fundi akalishika sikio lake la kushoto. Spika za omu nane dukani hazikuwepo, lakini mama yule akamfundisha njia: aziunge mbili hizo kwa mfululizo, waya utoke kwenye moja uingie kwenye nyingine, kama mabehewa. Nne na nne zitakuwa nane. Atumie upande mmoja tu wa risiva, na abonyeze kitufe cha mono ili sauti za upande wa kushoto na za kulia zije pamoja.

Njiani alianza kutunga maneno ya kumwambia mkewe: duka lilikosea, vibandiko vilichanganywa. Yalikuwa maneno mazuri, tena yanaaminika. Lakini alipojaribu kuomba Mungu amsaidie kuyasema, aliona haya mwenyewe, akayaacha barabarani.

Akaziunga alivyoelekezwa, akabonyeza kitufe cha mono. Risiva ikaimba, na hata alipoigusa baada ya muda ilikuwa vuguvugu tu. Ndipo akaenda jikoni.

"Mke wangu, sikio la kushoto halisikii. Kosa lilikuwa langu."

"Nalijua hilo zamani," akasema mkunga. "Nikitaka kukusema, huwa nakaa kushoto."

Walicheka mpaka fundi akalazimika kushika ukuta. Mkunga akaja na kiti, akakiweka upande wa kulia, akapunguza sauti mpaka ikawa ya watu wawili. Ulipoanza wimbo ambao fundi aliupenda kuliko zote, aliinua kichwa.

"Kumbe wanaimba wawili?"

"Siku zote."

Bwana Cheche akazielekezea spika sikio lake la kulia. Kisha akamwomba mkewe aurudishe mwanzo, amsikie vizuri huyo wa pili.