Mifuko ya Siku ya Mtihani

Asubuhi ya mtihani wa serikali, Colleen Hruska alipanga mezani penseli zilizochongwa, makaratasi ya mtihani na mifuko ya plastiki. Mifuko ilikuwa agizo. Karatasi ya mtihani haipotei hata moja. Mtoto akiitapikia, inatiwa mfukoni, inafungwa, inarudishwa serikalini pamoja na nyingine. Aliyetoa amri hiyo bila shaka hajawahi kupangusa matapishi ya mtoto.

Colleen alikuwa amechoka, na kilichomchosha ni kunyamaza. Mzazi ana haki ya kukataa mtoto wake asifanye mtihani huu, lakini walimu wa shule hii walikatazwa kulitaja jambo hilo. Mzazi akijua mwenyewe, vyema. Asipojua, shauri yake. Colleen alijua, ndiyo maana binti yake Nora alikuwa maktaba, anasoma hadithi za farasi.

Brielle, ambaye Colleen alikuwa akimfundisha kwa mwaka wa pili sasa, aliingia na mama yake, Tonya, aliyetoka zamu ya jikoni kwenye nyumba ya wazee, aproni bado kiunoni.

"Mwalimu, huyu hajalala. Maziwa hataki, mkate hataki. Nimemwambia mwaka huu asinitie aibu."

"Haya, Brielle mpenzi, kaa."

Brielle akaenda moja kwa moja kwenye dawati la karibu na mlango, lenye ndoo pembeni. Tonya akaiona mifuko.

"Leo mnagawa sandwichi?"

"Hapana. Ni ya kutilia karatasi ya mtihani, ikitokea mtoto akaitapikia."

"Mnahifadhi matapishi? Jamani!" Tonya akacheka. Kisha akaitazama ile ndoo, kicheko kikamkauka. "Kumbe mnajua kabisa atatapika."

Lindqvist, mwalimu mkuu, akachungulia mlangoni. "Mama, muda umefika, tafadhali."

"Subiri, baba, nauliza. Mwalimu, angekuwa wako, ungemkalisha hapo?"

Colleen akamtazama mkuu wake. Akaifikiria kazi, akaifikiria pensheni. Lakini hata kudanganya kunataka nguvu, na yeye zilikuwa zimemwishia.

"Wangu hafanyi," alisema. "Yuko maktaba. Mzazi akikataa, mtoto hafanyi. Hata sasa hivi unaweza kukataa."

"Bi Hruska!" Lindqvist alifoka.

"Basi nakataa," Tonya alisema.

Akamvika mwanawe koti. Colleen, Mungu amsamehe, alisimama akingoja shukrani. Tonya alifika mlangoni, akageuka.

"Mwaka jana alipotapika, ulimpangusa mdomo kwa mkono wako. Nilikuombea, mwalimu. Nora wako siku ile alikuwa wapi?"

Watoto waliokwisha kukaa madawatini wote walikuwa wakimtazama.

"Maktaba," Colleen alisema.

Tonya akatikisa kichwa, akamshika Brielle mkono, wakaondoka. Colleen akaanza kugawa penseli.