Mikono ya Kumdaka Khisa

Wiki saba baada ya Ocira kuzikwa, meneja Travis alimwita Zulaikha ofisini na kumwambia awatafutie wafanyakazi mahali pa kucheza.

"Watu wamenuna, hawasemezani," alisema. "Nimepata mwalimu wa michezo ya kazini, dada mmoja anaitwa Moreen. Siku moja tu, watarudi wakiwa kitu kimoja."

Zulaikha alikuwa karani wa kampuni hiyo ya kupakua mizigo bandarini Port Bell kwa miaka tisa. Alijua kwa nini watu walinuna. Ocira, mpakuaji, aliangukiwa na mbao zilizoponyoka kwenye winchi. Aliyepaswa kumpigia ishara mwendesha winchi alikuwa Khisa, lakini asubuhi hiyo Travis alikuwa amemtuma gereji, Nakawa, akamchukulie gari lake. Hata hivyo ripoti ilisema Khisa alikuwapo mahali pake, na kwamba marehemu alipita palipokatazwa. Travis aliitamka, Zulaikha akaichapa, neno kwa neno.

Alikodi bustani huko Ntinda. Jumamosi ilipofika kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri, na watu ishirini na wawili walisimama kwenye nyasi zilizolowa, wamevaa fulana mpya za njano. Walivuta kamba. Upande wa Abudu, mwendesha winchi, ulishinda, wala hakuna aliyeshangilia. Moreen alipiga makofi peke yake. Hakuna aliyemwambia kuhusu msiba.

"Sasa mchezo wa kuaminiana," alisema. "Mmoja anapanda kwenye benchi, anatugeuzia mgongo, anafumba macho, anajiachia aanguke. Sita wanamdaka. Nani anaanza?"

Travis alimnyooshea kidole Khisa. "Huyu. Ni mtu mzito, atatupima vizuri."

Khisa alipanda. Watu sita walijipanga nyuma yake, Abudu mbele yao, mikono imenyooshwa. Moreen alihesabu mpaka tatu. Khisa hakuanguka. Akahesabu tena.

"Usiogope, kaka. Wenzako wapo."

"Najua wapo," Khisa alisema, bado amewapa mgongo. "Ni mimi ambaye sikuwapo."

Moreen hakuelewa. Wengine wote walielewa.

"Khisa, shuka," Travis alisema. "Leo si siku ya hayo."

"Ni ya nini basi, bosi? Mwalimu anasema tuaminiane. Ocira aliniamini. Aliingia chini ya winchi akijua niko pale, na mimi niko Nakawa nangoja gari lako. Imeandikwa nilikuwa kazini. Sikuwapo."

"Mimi niliambiwa nishushe mzigo," Abudu alisema kwa sauti ndogo. "Nikashusha." Kisha akamgeukia Zulaikha. "Mama Rahmah, wewe ndiye unayechapa vitu vya ofisi. Ni kweli imeandikwa hivyo?"

Wote walimtazama Zulaikha. Travis naye alikuwa akimtazama.

"Chakula kiko tayari," Zulaikha alisema.

Mikono nyuma ya Khisa ilishuka, mmoja baada ya mwingine. Naye akashuka benchi mwenyewe, akavua ile fulana, akaikunja, akaiacha pale na kwenda zake katika mvua. Waliobaki walikula ndizi za matoke. Moreen alimwuliza Zulaikha kama amekosea kitu, na Zulaikha akamwambia hapana, mwanangu, hukukosea.

Jumatatu aliagizwa kuchapa barua ya kumfukuza Khisa. Sababu: kukosa moyo wa ushirikiano. Aliichapa. Alipomaliza, aliweka karatasi nyingine na kuandika ilivyokuwa hasa, kuanzia gari la gereji hadi ripoti, akatia sahihi jina lake. Jioni aliipeleka Kisugu kwa Princesse, Mkongomani, mjane wa Ocira.

Princesse aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Haya nayajua, dada. Khisa alikuja siku ya tatu ya matanga akaniambia yote. Nilikuwa nangoja mwingine mmoja tu aje. Mmekuja watu ishirini kuzika, mmekula kwangu, hakuna aliyefungua mdomo."

"Nisamehe."

"Utayasema haya mbele ya afisa wa kazi wa serikali, au umekuja kujipunguzia mzigo tu?"

Zulaikha alifikiria ada ya shule ya binti yake Rahmah, na miaka tisa yake. "Nitayasema," alijibu.

Aliyasema. Kabla mwezi haujaisha naye alikuwa hana kazi. Abudu aliitwa kutoa ushahidi, akasema hakumbuki. Kesi ya kifo cha Ocira iliahirishwa mara tatu, na kila mara Khisa, Zulaikha na Princesse walikaa benchi moja nje ya mlango wa afisa, Princesse kwenye ncha, akiwa ameacha nafasi kati yake na wao.

Huko Port Bell kazi iliendelea. Mara ya mwisho Zulaikha alipopita kuchukua vitu vyake, wapakuaji walikuwa wanashusha saruji. Walimsalimia vizuri, mmoja mmoja. Wao kwa wao hawakuwa wanaongea.